Mteremko wa Bure

Shemeji yangu Sixbert ni mkono wa birika. Nimemwambia hivyo usoni tangu alipomwoa dada yangu Brigita, kwa hiyo sioni kwa nini nianze adabu leo. Nyumbani kwake kiberiti kilikuwa pambo, maana kila asubuhi mtoto alitumwa kuomba kaa la moto kwa jirani. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vyembamba hata ukishika kimoja unaona mwanga upande wa pili. Ukienda kwake msimu wa machungwa utalishwa machungwa mpaka uombe poo, kwa sababu hayo yalikuwa yanaoza. Sukari ya chai ndiyo ungeisikia kwenye redio.

Lakini ubahili wake haukuwa roho mbaya. Tulikulia huku milima ya Wamatumbi, juu ya Kipatimu, mahali ambapo michungwa inazaa kama imelaaniwa na machungwa hakuna pa kuyapeleka. Miaka yetu ya ujana kijiji kizima kilinuka machungwa yaliyooza, nzi wakanenepa kuliko sisi. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa. Wafanyabiashara wakaanza kutoka Dar es Salaam na malori, ila hawakupanda mlimani. Barabara yetu ilikuwa inavunja springi. Walisimama kule chini kwenye barabara kuu, Njia Nne, wakanunua kwa yeyote aliyeweza kushusha mzigo. Asiye na gari alibeba kichwani au aliwaachia nzi.

Basi wenzake walipopata vijisenti walinunua redio, wengine bati, wengine walinunua maneno ya bure kilabuni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sixbert hakununua chochote. Alikata sabuni kwa uzi, msimu baada ya msimu, na siku moja akarudi kutoka Dar amekaa ndani ya pikapu nyeupe iliyoiva rangi kama jino la mvuta tumbaku, ina maandishi ya Kijapani mlangoni. Dereva aliyemleta alikaa kwetu wiki nzima kumfundisha kuendesha, akaondoka anamshukuru Mungu kwamba yu mzima.

Tulicheka, tukalia. Dada yangu alitandika kanga yake mpya kwenye kiti. Padri aliinyunyizia maji ya baraka mpaka kwenye matairi. Binti yao Rosalia, aliyekuwa bado hajapata Komunyo ya kwanza, aliketi mbele na kukataa kushuka, akaletewa chakula humohumo. Sixbert alisimama pembeni na mikono nyuma, na ndiyo siku pekee niliyomwona anacheka bila kuziba mdomo.

Sasa, kuna jambo la huku kwetu ambalo lazima ulijue. Kutoka kijijini kwetu hadi mtoni ni mteremko mrefu wenye kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo. Sixbert akifika kichwani mwa mteremko alikuwa anazungusha ufunguo nyuma. Injini inanyamaza, gari linashuka lenyewe.

"Dizeli hainyeshi kutoka mbinguni," alikuwa ananiambia. "Lakini mteremko Mungu katoa bure."

Tukauita kushuka bure. Pikapu nayo tukaiita Bubu, kwa sababu ilikuja kimya, na wanawake waliokuwa wakifua mtoni walijifunza kugeuka nyuma kabla ya kuvuka njia. Hatukuona ubaya. Tuliona ufundi. Wenye magari wengine waliokuja kununua mbao huku milimani walimwona, nao wakaanza kushuka bure. Sixbert mwenyewe alikuwa anapakia nusu ya mzigo tu, kwa kuhurumia springi, akikanyaga breki mara moja pale juu na kuishikilia hapohapo mpaka chini, taratibu, kama mtu anayemshusha bibi kizee ngazini. Hakuwahi hata kukwaruza.

Mwanawe wa kwanza, Damiani, alijifunza kwa kukaa pembeni yake. Alikuwa kijana mpole, mpiga miluzi, aliyeliosha gari hilo kuliko alivyojiosha mwenyewe. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anaendesha vizuri kuliko baba yake. Leseni hakuwa nayo. Trafiki hapandi huku. Akinikuta njiani anasimama, anatoa kichwa dirishani na kiswahili chake cha vijana wa Dar: "Shikamoo mjomba. Panda mkoko!" Nami napanda. Akifika juu ya mteremko anazungusha ufunguo nyuma, kama alivyofundishwa, na baba yake akisimuliwa anafurahi: mtoto anajua thamani ya kitu.

Mwaka ule, kabla ya zile mvua za El Niño zilizotukatia barabara kabisa, michungwa ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Habari ikafika kwamba lori lipo Njia Nne na litaondoka siku hiyohiyo. Sixbert alikuwa na homa, meno yanagongana. Akamwambia Damiani apakie yote. Sio nusu. Yote. Springi zilikwenda chini mpaka tairi zikagusa bodi, na Sixbert akiwa amejifunga blanketi alitoka mlangoni kusisitiza jambo moja tu.

"Usinichezee dizeli."

Rosalia akaomba kwenda. Komunyo ilikuwa imekaribia, na mama yake alikuwa amemwahidi viatu vyeupe. Alitaka kuchagua mwenyewe kwenye vibanda vya Njia Nne, asiletewe vya kumbana. Akaketi mbele. Nilikuwa nimesimama hapo nikiwasaidia kufunga kamba. Alinipungia mkono kama anakwenda Ulaya.

Hatukusikia kitu, maana Bubu haikuwa na mlio. Aliyetuita ni mwanamke mmoja kutoka mtoni, akipiga kelele huku anapanda mlima. Tulipofika kwenye kona ya pili gari lilikuwa ndani ya korongo, matairi juu, na machungwa yametapakaa mpaka majini, mengine bado yanaelea. Damiani alikuwa amekaa chini, mkono umevunjika, kamlaza Rosalia mapajani. Alikuwa anamfuta uso na shati lake. Nilimwambia amwachie. Hakunisikia, nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Tulimzika Rosalia na gauni la Komunyo. Viatu hatukuwa navyo, basi dada yangu akamfunga miguu na kitambaa cheupe.

Nimezika watu wengi, sina moyo wa karatasi. Lakini kilichotokea siku ile matangani ndicho kilichotumaliza. Wazee walimwita Damiani awaeleze. Alisimama mbele ya watu, mkono umefungwa vipande vya mti, akasema, "Breki ilikuwa ngumu, baba. Ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu miwili, haikuingia."

Ikapita minong'ono. Kila mtu ana jibu lake msibani. Mmoja alisema vijana wa siku hizi wanataka kuonekana, mwingine akasema alikuwa anapiga miluzi. Sixbert alinyanyuka pale mkekani, macho mekundu, homa bado mwilini.

"Muongo," alisema. "Gari hilo nimelishusha hapo mimi, misimu yote. Breki yake naijua. Ulikuwa unakimbia ujionyeshe, ukaniulia mtoto. Heri ungebaki wewe kule korongoni."

Watu walishusha macho. Hata wale wa minong'ono. Kuna maneno mtu akishayasema unatamani uyaokote chini umrudishie mdomoni, lakini hayaokoteki. Damiani alisema, "Ndiyo, baba," kama ametumwa maji. Tulipomaliza tanga aliondoka alfajiri, akashuka mteremko kwa miguu.

Tukaja kusikia yuko Songo Songo. Mtoto wa milimani, asiyejua hata kuogelea, anaishi kisiwani na wavuvi, anabeba vifaa vya fundi wa injini za boti. Waliomwona walisema haendeshi chombo chochote, cha nchi kavu wala cha majini. Salamu alileta kwa mama yake tu.

Gari tulilivuta kwa trekta la watu, likawekwa uani kwa Sixbert, na kuku wakahamia. Yeye akarudia kubeba machungwa kichwani. Kila nilipopita alikuwa ana neno lake lilelile, analisema kwa pembeni kana kwamba halimhusu. "Hivi huyo kijana wenu anakula vizuri huko?" Kijana wenu! Alimtaka arudi. Mtu mzima anamlilia mwanawe ndani ya tumbo, na kiburi kinamzuia hata kutaja jina. Na dada yangu Brigita, yeye alikuwa ameamini kama wote tulivyoamini, kwamba Damiani alimuua mdogo wake kwa utundu. Hakumchukia. Alimwombea. Kila jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilipokutana Jumamosi asubuhi, watu wakitaja nia zao, mmoja mvua, mwingine mgonjwa, Brigita alitaja hiyohiyo, mwaka nenda mwaka rudi: Mungu amsamehe Damiani kosa lake.

Miaka ikapita. Wakaanza kujenga mtambo wa gesi kule kisiwani, magari mageni yakaongezeka barabara kuu, na mafundi wakaanza kupanda hata huku kwetu kutafuta vyuma chakavu. Mmoja, Tawakali, mtu wa Nangurukuru, akaja kwa Sixbert kununua vipuri vya Bubu. Akawafukuza kuku, akaingia chini na spana zake. Mimi na Sixbert tumekaa kwenye benchi, namtania kwamba atauza hata mayai yaliyomo ndani.

Tawakali akachomoa kitu cha duara kama sufuria yenye mfuniko, akakipangusa. "Hii nzima," akasema. "Hii ndiyo inasaidia mguu kwenye breki. Inavuta pumzi ya injini. Injini ikiwaka, hata mtoto anasimamisha gari. Ikizima, inabaki pumzi kidogo ya akiba. Ukanyage na kuachia mara mbili tatu, imekwisha. Hapo ukanyage hata kwa miguu miwili."

"Inakuwaje?" Sixbert akauliza.

"Inakuwa ngumu kama jiwe. Ndiyo maana huku milimani nawaambia madereva wasizime injini mteremkoni. Hawasikii. Wanasema wanaokoa mafuta."

Mimi nilikuwa bado nina meno nje kwa ule utani wangu. Sixbert alikichukua kile kitu mikononi mwa fundi, akakiweka mapajani, akakipapasa kama anatafuta ufa. Tawakali alidhani anataka kupandisha bei.

Usiku huo hakula. Kesho yake alikuja kwangu amevaa shati la kanisani. "Shemeji," akasema, "mimi bahari siijui. Nipeleke kwa Damiani." Hakuniita mlevi wala hakunisimanga hata kidogo, nikajua mambo ni mazito.

Brigita tulimwambia tunakwenda kumsalimia kijana. Alifurahi hata akasahau kuuliza kwa nini. Akafunga mkate wa kumimina kwenye kanga, akasema, "Mwambieni kwamba mama yake alishamsamehe."

Tulipanda boti la injini kutoka pwani ya Somanga, Sixbert ameng'ang'ania ubao kwa mikono yote miwili, anatapika, anafuta mdomo, anatazama mbele. Damiani tulimkuta nje ya karakana ya fundi wake, ameinamia injini, mikono myeusi kwa grisi. Alikuwa mwanaume sasa, ana ndevu. Mkono ule uliovunjika uliunga upande.

"Shikamoo baba. Shikamoo mjomba."

Sixbert hakuitikia marahaba. Alipiga magoti mchangani, mzee mzima, mbele ya watoto waliokuwa wanapita. Akasema yote: ufunguo, pumzi ya injini, breki. Akasema, "Ni mimi niliyekufundisha. Ni mimi niliyemuua Rosalia. Hukuwa muongo."

Damiani alimnyanyua. Akamfuta mchanga magotini, akanawa mikono, akatuletea maji ya kunywa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Najua, baba. Fundi wangu alinieleza mwaka ule ule niliofika."

"Ulijua?" nikamwuliza. "Mbona hukuja kusema? Mama yako kila Jumamosi anakuombea msamaha!"

"Ningesema, mama angejua aliyemuua Rosalia ni nani. Mimi niko mbali, mjomba. Baba yuko naye nyumba moja." Akamgeukia Sixbert. "Akijua, wewe utabaki na nani? Naomba hilo moja tu, baba. Usimwambie."

"Basi rudi nyumbani," Sixbert akasema. "Rudi, mwanangu. Nimekosa, nimekiri."

Damiani aliirudia injini yake, akakaza nati moja. "La breki nilishalielewa," alisema mwishowe. "Ni lile jingine, ulilosema matangani. Kila nikilala nalisikia. Nikiwa huku nalisikia kwa mbali kidogo."

Ule mkate tuliuacha juu ya pipa la mafuta. Tulirudi na boti la jioni, na safari hii Sixbert hakutapika. Alikaa tu. Kule mlimani alimweleza Brigita kwamba kijana hajambo, ana ndevu, kaupenda mkate. Nami niliitikia, ingawa kuficha neno si kazi yangu, mdomo wangu kijiji kizima kinaujua. Niliahidi kwa ajili ya Damiani.

Nadhani Sixbert angeweza kushika ahadi ile mpaka kaburini, kama si zile Jumamosi. Kabla ya kisiwa alikuwa anayasikia maombi ya mkewe kama mtu mwenye haki. Sasa kila Brigita akitaja jina la Damiani nilimwona anabana magoti, jasho linamtoka, na ni asubuhi. Akaanza kujidai mgonjwa siku za jumuiya. Lakini jumuiya inazunguka nyumba hadi nyumba, na zamu ya nyumba yake ikafika.

Tulikaa uani kwake, karibu na mifupa ya Bubu. Agnes, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akaongoza. Mtu akaombea mvua. Mtu akaombea mkwe wake. Brigita akafumba macho, akasema, "Tumwombee Damiani, Mungu amsamehe kosa lake."

"Asimsamehe," Sixbert akasema.

Agnes akadhani hakusikia vizuri. Watoto wakaacha kucheza.

"Hana kosa la kusamehewa. Breki inakufa injini ikizimwa, na aliyemfundisha kuzima ni mimi. Nilimuua Rosalia kwa ajili ya kikombe cha dizeli. Damiani anajua, na amenyamaza miaka yote ili msinichukie."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Agnes, maskini, akaanzisha Baba Yetu kwa sababu hakuwa na la kufanya, na tukamfuata. Sauti ya dada yangu ilikuwepo, naifahamu, nzito kidogo. Tulipofika pale pa kusamehe ikakatika. Tulimaliza bila yeye.

Watu walipoondoka alimwuliza mumewe jambo moja. "Ulijua lini?"

"Tangu siku ya fundi. Kabla ya kwenda kisiwani."

"Na Jumamosi zote hizi umekaa ubavuni kwangu, unanisikia namsingizia mwanangu mbele ya Mungu."

Sixbert aliinama, akaanza kukunja mikeka.

"Gari ningekusamehe," dada yangu akasema. "Hukujua, na mimi sikujua, nilitandika kanga yangu humo. Hili ulilijua." Akanitazama na mimi. "Wote wawili." Akaingia ndani akafunga kanga zake. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Nilimsindikiza mpaka Somanga, njia nzima hakunisemesha, na boti lilipoondoka hakugeuka.

Sasa anaishi na mwanawe kule kisiwani, anauza vitumbua kwa wafanyakazi wa gesi. Sixbert amebaki peke yake na machungwa. Hawezi tena kubeba, na hataki kuuza. Yanaanguka na kuoza uani, nzi wamerudi kama zamani. Ila kila msimu anachagua yaliyo bora, anayafuta moja moja kwa kitambaa, anajaza tenga, ananipa nipeleke. Na mimi nayapeleka, miguu yangu hii mibovu.

Brigita analipokea tenga mlangoni. Hamtaji mtu. Analibeba mpaka kwenye njia ya shule na kuwagawia watoto wa watu, yote, mpaka tenga linabaki tupu. Hajawahi kumenya hata moja. Damiani naye hayagusi. Mara ya mwisho alinisindikiza mpaka kwenye boti, akasimama maji yamemfika magotini, akaniambia, "Nilimwomba jambo moja tu, mjomba."

Nikifika nyumbani Sixbert huwa amekaa kwenye benchi, karibu na gari, ananisubiri. Halafu analiangalia tenga kama lina jibu ndani yake.

"Wamekula?" ananiuliza.

"Wamekula, shemeji," namwambia. "Wamesema ni matamu."